Hasara ya Daraja ni ya Nani?

Daraja likivunjika, watu wa kwanza kufika hapo ni wapimaji. Hupima upana wa pengo, kina cha maji, uzito wa chuma kilichoanguka na bei ya saruji itakayotakiwa. Kazi yao ni ya haki, maana kilichovunjika chaonekana kwa macho, na kionekanacho chaweza kutiwa bei. Baada yao huja, au hawaji kabisa, watu wa kupima jambo la pili: ni nini kilichoharibika mahali ambapo hapakuvunjika kitu? Mchuuzi ambaye daraja lile si lake, ambaye hakuwako siku lilipoanguka, na ambaye nyumba yake haina hata ufa, naye amepata hasara. Wachumi wana jina la hasara hiyo. Huiita hasara isiyo ya moja kwa moja. Nataka kuuliza hapa kama jina hilo ni la kweli, na kama mwenye hasara hiyo ana haki ya kumdai mtu yeyote.

Swali hili halikunijia vitabuni. Lilinijia katika tenga la nyanya.

Mwezi wa Oktoba 2019 mvua kubwa zilinyesha katika mkoa wa Tanga. Mito ilifurika, watu wakapoteza maisha, na barabara ya lami itokayo Korogwe kwenda Handeni, yenye urefu wa kilomita 65, ikakatika. Mimi nilikuwa nikishuka kutoka Lushoto, nikakwama Korogwe siku mbili. Sokoni Manundu niliwakuta wanawake wa Handeni waliokwisha kununua nyanya za milimani, na sasa hawana njia ya kuzifikisha kwao. Nyanya haina subira. Siku ya kwanza mwenye nyanya hutaja bei; siku ya pili huipokea. Nilinunua tenga zima kwa robo ya bei yake. Siku ya tatu nilipopata basi la Dar es Salaam nililipakia, nikajisifu njia nzima kwa ustadi wangu wa kununua. Nyumbani tulipika, tukagawia majirani, nao wakanisifu pia. Ilipita miezi kadhaa kabla sijaanza kuona haya.

Yafaa msomaji asiyeijua nchi hiyo aelezwe jinsi miji hii miwili ilivyofungamana. Korogwe iko kando ya mto Pangani, chini ya milima ya Usambara. Reli ya kutoka Tanga iliufikia mji huo mwaka 1902, na barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha hupita hapo. Handeni iko kusini ya mto, katika nchi ya Wazigua, nchi ya mahindi, mifugo na ukame, ambayo imeonja njaa zaidi ya mara moja. Hata maji ya kunywa ya Handeni kwa miaka mingi yamevutwa kwa mitambo kutoka mto huo huo, upande wa Korogwe. Mboga hutoka milimani, zikashuka Mombo, zikapita Korogwe, zikaingia Handeni. Mahindi na ng'ombe hutoka Handeni zikifuata njia nyingine au hiyo hiyo. Mtu wa Handeni akisema amekatikiwa na barabara, asema juu ya chungu chake.

Huenda nikaulizwa, mafuriko yana uhusiano gani na tetemeko la ardhi, ambalo ndilo wachumi wa madaraja hulitaja zaidi? Kwanza, nchi yetu si geni kwa zilizala. Milima ya Usambara na Upare yenyewe ni nchi iliyoinuliwa kwa kupasuka kwa ardhi, na bonde la Pangani wengi hulihesabu kuwa tawi la Bonde la Ufa. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko la ukubwa wa 7.4 au karibu na hapo lilitikisa nchi ya Rukwa, nalo limebaki miongoni mwa makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika ya Mashariki. Tarehe 10 Septemba 2016 Kagera ilitikiswa kwa ukubwa wa 5.9, watu wasiopungua 17 walifariki na maelfu ya nyumba zikaharibika. Tarehe 12 Agosti 2020 bahari yetu ilitikisika kusini-mashariki ya Dar es Salaam, watu wa ghorofani wakakimbilia nje usiku. Pili, mafuriko na tetemeko hutofautiana katika kuvunja, lakini hufanana katika kinachofuata. Tena tetemeko ni kali zaidi kwa jambo moja. Mvua hutishia kwa wingu. Mtu aweza kuahirisha safari. Tetemeko halipigi hodi, na dakika hiyo hiyo laweza kuvunja daraja hili na lile ambalo lingekuwa njia ya kuzungukia. Kwa hiyo hasara ya madaraja mawili yaliyovunjika pamoja si hasara ya moja ukazidisha kwa mbili. Huwa kubwa kupita hapo, maana la pili ndilo lililokuwa tumaini la la kwanza.

Hesabu mashuhuri kuliko zote za jambo hili ilifanywa Marekani. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1994 tetemeko la Northridge liliangusha sehemu za barabara ya juu iitwayo Santa Monica, katika mji wa Los Angeles. Barabara ile ilipitisha magari yapatayo laki tatu kwa siku. Serikali ya jimbo ilikadiria kwamba kila siku ifungwapo, uchumi wa mji wapoteza dola zaidi ya milioni moja. Mkandarasi akapewa siku 140 kuijenga, kwa sharti la ajabu: kila siku atakayowahi atapewa dola 200,000 juu ya ujira wake, na kila siku atakayochelewa atatozwa kiasi hicho hicho. Akamaliza katika siku 66. Zawadi yake ilikaribia dola milioni 15, na hakuna aliyelalamika sana, maana kwa hesabu ile mji ulikuwa umeokoa nyingi zaidi.

Naomba msomaji asiipite hadithi hii kwa haraka. Wapo wasemao kwamba hasara isiyo ya moja kwa moja ni kivuli tu, haishikiki, na serikali yenye akili haiwezi kufungua mfuko wake kwa ajili ya kivuli. Kumbe serikali moja imekwisha kufungua mfuko, tena ikahesabu kivuli hicho kwa siku na kukilipia. Hoja ya kwamba hasara hiyo haihesabiki imeanguka pamoja na nguzo za Santa Monica. Kilichobaki ni kuuliza inahesabiwa ikiwa ya nani.

Hapa nataka kukaa kidogo. Wachumi huhesabu hivi: huchukua idadi ya magari yapitayo kwa siku, hukadiria saa zitakazopotea kwa kuzunguka, huzidisha saa hizo kwa bei ya saa ya msafiri, kisha huongeza mafuta na uchakavu wa magari. Bei ya saa ya msafiri aghalabu hutokana na mshahara wake. Basi saa ya mwenye kampuni ni ghali, saa ya karani ni ya kadiri, na saa ya mkulima aliyekaa juu ya gunia la mahindi haifiki bei ya soda. Sisemi kwamba wachumi ni watu wabaya. Wanatafuta namba, na mshahara ni namba iliyo karibu. Lakini matokeo yake ni kwamba daraja la maskini huwa rahisi, kwa maana zote mbili za neno hilo. Lugha yetu imeliona jambo hili kabla ya wachumi: daraja ni kivuko, na daraja ni cheo. Madaraja nayo yana madaraja yake.

Tuliona mfano wake miezi michache tu baada ya mvua zile za Tanga. Tarehe 2 Machi 2020 daraja la Kiyegeya, katika barabara ya Morogoro na Dodoma, lilisombwa na maji. Misururu ya malori na mabasi ilisimama pande zote mbili, na nchi nzima ikalijua jina la Kiyegeya, maana njia ile yapeleka shehena Kanda ya Ziwa, Rwanda, Burundi na Kongo. Kufanya haraka pale kulikuwa sawa kabisa. Sina neno juu yake. Nasema tu kwamba jina la mahali palipokatika kati ya Handeni na Korogwe laweza kutajwa leo na watu wachache sana wasio wa huko.

Sasa nitoe habari za mtu mmoja. Mdogo wa mama yangu akaa katika kijiji kimoja kando ya barabara hiyo, upande wa Sindeni. Zamani alikuwa mkulima wa mahindi tu. Lami ilipopita alisogeza jiko lake karibu na barabara, akawa akiuza vitumbua na chai kwa abiria, makondakta na madereva wa malori. Mtaji wake wote ulikuwa mchele, nazi, sukari, mafuta na kuni za siku tatu au nne. Faida ya leo ndiyo mchele wa kesho. Barabara ilipokatika, magari hayakupita. Siku ya kwanza vitumbua vililiwa na wajukuu, wakafurahi. Siku ya pili hakupika. Baada ya juma moja mchele wa biashara ulikuwa umekwisha kuwa chakula cha nyumbani, na mafuta yalikuwa yamekopeshwa kwa jirani ambaye naye hakuwa na cha kulipa. Njia ilipotengenezwa magari yalirudi, lakini jiko halikurudi. Alipokuja kupata tena fedha za kuanzia, mahali pale palikuwa na mtu mwingine, mwenye meza ndefu na sufuria kubwa, na madereva walikuwa wamekwisha kumzoea.

Mweke mwanamke huyu katika ile hesabu ya wachumi. Hayumo. Hakuchelewa saa hata moja, maana hakuwa safarini. Hakuchoma mafuta ya gari. Yeye hapiti barabarani, yeye hupitiwa. Hata njia ya mzunguko, ambayo katika hesabu hupunguza hasara, kwake ilikuwa ndiyo hasara yenyewe. Atokaye Korogwe kwenda Handeni aweza kwenda Segera, akafuata barabara kuu hadi Mkata, kisha akapinda kwenda Handeni. Safari hiyo ni karibu mara mbili ya ile ya kwanza, lakini atafika. Mzunguko humfaa mwenye miisho miwili. Aliye katikati hana la kuzungukia.

Lipo jambo jingine ambalo hesabu ile hailioni, nalo ni wakati. Kwa mhandisi, hasara huanza siku daraja livunjikapo na hukoma siku lifunguliwapo. Mji wa Kobe, Japani, uliwafundisha walimwengu vingine. Tetemeko la tarehe 17 Januari 1995 liliua watu zaidi ya 6,400, likalaza chini sehemu ndefu ya barabara ya juu ya Hanshin, likavunja gati za bandari. Kabla ya siku hiyo Kobe ilikuwa bandari ya 6 duniani kwa wingi wa makontena. Wajapani ni mafundi hodari. Barabara ile ilifunguliwa yote mwaka 1996, na bandari ikawa imekwisha kutengenezwa mwaka 1997. Lakini meli hazikungoja. Zilikuwa zimekwenda Busan na bandari nyingine, zikazoea huko, na Kobe haikurudi katika daraja lake la zamani. Nikisoma habari za Kobe namwona mama yangu mdogo akitazama meza ndefu ya mwenzake. Gati zimepona, wateja wamehama. Bandari kubwa na jiko la vitumbua vimeugua ugonjwa mmoja, ila Kobe imeandikiwa vitabu.

Kwa hiyo nakataa jina lile. Hasara isiyo ya moja kwa moja ni isiyo ya moja kwa moja kutoka wapi? Kutoka katika ofisi ya mwenye daraja. Ukisimama pale penye jiko, ni ya moja kwa moja kama kofi.

Kukataa jina ni rahisi; kudai malipo ni jambo jingine. Mahakama nyingi zinazofuata sheria ya Kiingereza hazipendi kabisa kulipa hasara ya fedha tupu, yaani ya mtu ambaye mali yake mwenyewe haikuguswa. Kanada ilitokea kesi ambayo yafaa kutajwa. Mwaka 1987 tishari lililokuwa likivutwa katika ukungu liligonga daraja la reli katika mto Fraser. Daraja lilikuwa mali ya serikali, lakini mtumiaji wake mkubwa alikuwa shirika moja la reli, ambalo lililazimika kuzungusha treni zake kwa gharama. Shirika likashtaki. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya nchi ile ililipa haki shirika hilo, majaji wanne dhidi ya watatu. Wale watatu hawakuwa wapumbavu. Hofu yao ilikuwa kwamba ukifungua mlango huo hutajua pa kuufunga. Leo umlipe mwenye treni, kesho mwenye mizigo, kesho kutwa mwenye duka lililongoja mizigo, na mwisho mtoto aliyengoja peremende dukani.

Hofu hiyo naiheshimu, wala sina dawa yake kamili. Tena tetemeko ni gumu kuliko tishari, maana halina nahodha wa kushtakiwa. Lakini naona watu hukosea wanapodhani kwamba deni huzaliwa na kosa tu. Katika vijiji vya Handeni, kama katika vijiji vyetu vyote, mtu akifiwa watu huleta mchele, kuni na fedha. Hakuna anayeleta kwa kuwa ndiye aliyeua. Daftari la matanga haliulizi mkosaji ni nani. Lauliza nani yupo. Na ipo sababu nyingine yenye nguvu kuliko huruma. Serikali ijengapo barabara hualika. Husema kwa lami yake: sogeeni, tegemeeni hapa. Mama yangu mdogo aliitikia mwaliko, akaacha sehemu ya shamba lake na kuegemeza maisha barabarani. Amwalikaye mtu kuegemea ukuta hawezi kusema, siku ukuta uangukapo, kwamba gharama yake ni matofali tu.

Yale yaliyofuata tetemeko la Kagera yalionyesha ugumu wa jambo hili. Michango ilikusanywa nchi nzima na nje ya nchi. Serikali ikaamua kwamba fedha hizo zitengeneze shule, hospitali na vitu vya umma, wala si nyumba za mtu mmoja mmoja. Shule ya Ihungo ilijengwa upya ikapendeza. Watu walibishana, na bado wapo wabishao. Ulinzi wa uamuzi ule naujua: cha umma ni cha wote, na cha mmoja hakina mwisho. Lakini umma ni nini, ukiwaondoa hao mmoja mmoja? Nadhani ilikuwapo njia ya tatu, nayo ni kupima hasara kwa kile kilichobaki mkononi mwa mtu badala ya kile kilichopita mbele yake. Tajiri aliyepoteza milioni kumi akabakiwa na mia moja amepata hasara kubwa katika daftari. Aliyepoteza elfu thelathini akabakiwa na sifuri ameondolewa katika biashara. Kumrudishia huyu wa pili mchele na mafuta ya siku nne hakuwezi kufilisi hazina yoyote. Kunahitaji kwanza mtu wa kushuka katika gari na kuuliza ni nani aliyekuwa akikaa hapa.

Msomaji mwerevu ataniuliza juu ya wale waliofaidika. Vijana waliobeba abiria mgongoni wakivuka maji kwa malipo, waendesha bodaboda waliozidisha nauli, mwenye meza ndefu aliyechukua mahali pa mwenzake. Wachumi husema faida ya hawa hufuta hasara ya wale, na nchi haikupoteza kitu. Fedha imebadili mfuko tu. Kwa hesabu ya nchi huenda ni kweli. Vijana wale siwalaumu hata kidogo, walitia miguu yao katika maji ya mafuriko. Mwenye meza ndefu naye alikuta mahali patupu. Namfikiria zaidi yule mnunuzi wa nyanya aliyekuwa na mshahara wake, aliyekuwa akivuka tu, ambaye hakubeba mtu wala hakulowa, na aliyeiita shida ya wanawake wanne watano jina la ustadi. Fedha yangu ilibadili mfuko, ndiyo, lakini nilijua ulikotoka.

Wanawake wale sikuwaona tena. Sikuuliza majina yao. Mnunuzi wa bei rahisi haulizi majina. Mwaka uliofuata nilipokwenda kumwamkia mama yangu mdogo nilichukua fedha ambazo nilihesabu kuwa ni robo tatu za bei ya tenga nilizokuwa sikuzilipa, nikamwekea mkononi.

"Hizi ni za nini, mwanangu?"

Nikamwambia, "Za nyanya, mama."

Alicheka sana. Akasema yeye hajapata kuuza nyanya maisha yake yote, kisha akazifunga katika pindo la kanga, akaniuliza kama nimekula.